Kabla ya Benki, Lipa kwa Cucu

Wangari mwanangu, kuna siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, na tangu uliponipigia simu Jumapili ukitoka kanisani imerudi yote, hata baridi yake. Ni siku ile baba yako na mimi tulipoenda Kangema kumwomba Cucu, mama yake baba yako, hati ya shamba. Wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umefungwa kwa leso, umelala, hujui kwamba wazazi wako wameenda kuweka rehani mahali ambapo guka wako, mumewe Cucu, alizikwa.

Kwa simu uliniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, kwamba benki imewaambia wewe na mumeo Kamau mchague: mkopo wa nyumba wenye riba isiyobadilika, au ule ambao riba yake inapanda na kushuka. La pili, kwamba akiba yenu ya kuanzia haitoshi, kwa hivyo niwape ile hati ya Kangema iwe dhamana. Nikakuambia mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa unasumbua. Nilikata mwenyewe, nikaizima simu.

Sijakukasirikia. Naogopa, basi. Mtu wa umri wangu akikuambia anaogopa, usicheke. Vaa sweta, kaa chini, usome mpaka mwisho.

Wakati huo tulikuwa tumepanga chumba Majengo, hapa Nyeri, karibu na msikiti. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati: huku kitanda, huku jiko la makaa na masanduku. Baba yako alikuwa mwalimu kijana, mtu wa kupiga shati pasi hata Jumamosi. Mimi nilikuwa nauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Karatina. Siku za jua nilirudi nikiimba. Siku za mvua nilirudi na mzigo uliolowa na nauli ya kukopa. Mwenye nyumba wetu alikuwa na tabia ya kuongeza kodi kila alipopata mtoto, na kwa hivyo tulikuwa tunalitazama tumbo la mke wake kwa wasiwasi mkubwa.

Ndipo ikatokea nyumba ya kuuzwa Ruring'u. Nyumba ya mawe, na tangi la maji, na ukuta ambapo nilishaamua nitaegemeza kabati ambalo sikuwa nalo. Tulienda benki tukiwa tumevaa kama watu wanaoenda harusini. Karani akatueleza bila haraka, na sina neno baya la kumsema. Alisema ule mkopo usiobadilika unaanza juu, lakini utalipa kiasi kile kile mwezi baada ya mwezi. Ule mwingine unaanza chini, unavutia, lakini benki ikipandisha riba na malipo yako yanapanda, na barua ya kukujulisha inaweza kukukuta wakati wowote.

Baba yako hakufikiri mara mbili. Alitaka ule wa chini. Alipiga hesabu yake pale pale na kusema kwamba riba ikipanda, bonasi ya chai ya mama yake itaziba pengo. Unaijua bonasi: yale malipo makubwa ya chai yanayokuja mara moja kwa mwaka. Hilo ni kosa letu sisi, watu wa huku kwenye chai. Bonasi haijalipwa, lakini mwenye duka ameshaahidiwa, fundi wa paa ameshaahidiwa, karo imeshaahidiwa, na kila mmoja ameahidiwa pesa ile ile. Baba yako alikuwa anaenda kuiahidi benki pia, tena kwa miaka mingi, na hata haikuwa bonasi yake.

Mimi sikumpinga. Nilikuwa na hofu tangu karani aliposema malipo yanapanda, lakini niliitaka ile nyumba. Na kulikuwa na jambo jingine la kuninyamazisha. Nilikuwa na deni la chama cha akina mama wa sokoni, nililolichukua kuongeza mzigo wa nguo, na baba yako hakulijua. Yeye naye alikuwa na mkopo wa ushirika wa walimu, na alikuwa amemdhamini mwenzake ambaye alishaanza kukwepa kulipa, na hilo mimi sikulijua hata kidogo. Na duka la pale mtaani lilikuwa linatudai unga na mafuta. Kila mmoja alikuwa na deni lake alilolificha mvunguni, na juu ya kitanda hicho hicho tulilala tukiota nyumba ya mawe.

Akiba ya kuanzia hatukuwa nayo, kwa hivyo benki ilitaka dhamana, na dhamana ya pekee tuliyoijua ilikuwa hati ya Cucu. Tulimkuta akichuma chai. Baba yako alimwita Maitu, yaani mama, lakini sisi wengine tulimwita Cucu tangu ulipozaliwa, hata mimi mkaza mwanawe, kwa kuwa wewe ndiye uliyepewa jina lake. Alikuwa amejifunga karatasi ya nailoni kiunoni, kikapu mgongoni, vidole vinakwenda vyenyewe huku yeye akitutazama. Baba yako alimweleza yote, kwa maneno mengi mazuri. Aliposikia neno hati, vidole vilisimama.

"Na hiyo riba," akauliza, "inapanda mpaka wapi?"

"Hakuna mtu anajua, Maitu. Inategemea. Lakini ikipanda tuko na bonasi."

"Bonasi ya nani?"

Baba yako akauinamia mti wa chai, akaanza kuchuma.

"Ati umeweka bonasi yangu kwa benki na hata sijachuma?" Hakupaza sauti. Alitua kikapu, akatuambia tumfuate.

Tulipita kati ya mistari ya chai hadi mpakani, mahali ambapo shamba la Cucu linapakana na lililokuwa shamba la ndugu yake mdogo. Nasema lililokuwa. Nilijua liliuzwa, lakini sikuwahi kuambiwa namna lilivyouzwa. Cucu alinionyesha kwa kidole kichaka cha maua ya njano chini ya mteremko, akasema pale ndipo walipozikwa wazazi wake. Asubuhi ile waliyokuja watu wa mnada, ndugu yake alikuwa anakunywa chai na watoto. Mtu alibisha hodi kwa adabu kabisa. Walikuwa na kamba ya kupimia, wakaivuta kutoka mparachichi wa uani mpaka mtoni, na kwa kuwa kamba hufuata njia iliyonyooka, walipita juu ya makaburi. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja alivua kofia. Lakini walipita.

"Yeye pia alichukua ile ya kuanza chini," Cucu akasema. "Mimi sijui mambo ya benki, watoto wangu. Mimi naogopa tu. Mtu akibisha kwangu asubuhi, mpaka wa leo, kwanza naangalia kama ameshika kamba."

Mwanangu, nilikaza fundo la leso yako. Nilikugusa mgongoni kuhakikisha upo. Upande wa kwetu wa mpaka nililiona kaburi la guka wako, na saruji yake aliyoipaka baba yako kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nikaelewa tulichokuja kuomba.

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alituandalia uji, tukanywa, kisha akasema neno ambalo baba yako alilichukua kama mzaha.

"Kabla mlipe benki, mtalipa mimi. Kila mwisho wa mwezi mniletee pesa ile mngepelekea benki, yote. Mimi ndio benki. Na kwa sababu mmesema mnataka ile ya kupanda, nitapandisha nikitaka. Mkiweza, mtachukua hati."

Baba yako alicheka njia nzima kurudi Nyeri. Alisema hati ni kama tumeshapata.

Mwezi wetu wa kwanza tulipeleka, Cucu akapokea, akaziingiza kwenye mfuko wa aproni bila kuhesabu. Wa pili tukapeleka, ingawa nilikuwa nimeanza kupunguza maziwa ya chai. Tulipokuwa tunaaga mlangoni akasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Mwezi ujao mtaniongezea robo."

Mwezi uliokuwa unakuja ni Januari. Unajua Januari ilivyo. Shule zinafunguliwa, shangazi yako alikuwa anaingia kidato cha kwanza na sisi ndio tuliokuwa tunamsomesha, na sokoni hakuna anunuaye nguo kwa sababu pesa za watu wote ziko kwenye sare na karo.

"Kwa nini sasa, Maitu?" baba yako akauliza. Hakuwa anacheka tena.

"Benki itakwambia kwa nini?"

Sijawahi kuogopa mwezi kama nilivyoiogopa Januari ile, na hakukuwa na benki wala mnada, alikuwa ni mama mkwe wangu tu na aproni yake. Nilikuwa nikisikia hatua kwenye ukumbi wa ile nyumba ya kupanga, nadhani ni mwenye duka. Nilianza kupitia njia ya nyuma ya msikiti ili nisipite mbele ya duka lake. Wewe ulishikwa na kikohozi, na jambo la kwanza nililofikiria halikuwa kikohozi, ilikuwa pesa ya dawa. Hilo linaniuma hadi leo. Na baba yako na mimi tulikuwa tukiulizana, "Za Cucu zimepatikana?" na kila mmoja anajibu, "Usijali, natafuta."

Mwisho wa mwezi tukaenda. Cucu alikuwa ameketi jikoni, kwenye kile kigoda chake. Baba yako akaweka pesa juu ya meza. Kiasi kamili, na robo yake. Lakini mimi pia nilikuwa nimekuja na zangu, zimefungwa kwenye pembe ya leso, na mkono wangu ulikuwa umeshazitoa. Nikaziweka kando ya zake. Kiasi kamili, na robo yake.

Tukatazamana. Pesa zilikuwa mara mbili ya zilizodaiwa, na hapo ndipo Cucu alipoogopa kweli. Nilimwona. Uso ulimsinyaa kama wa mtu aliyesikia hodi.

"Mmetoa wapi?" akauliza.

Baba yako akajifanya anazihesabu noti upya.

"Nimeuliza watu wawili. Nyinyi mlikuwa hamna pesa. Sasa mko nazo mara mbili. Mmetoa wapi?"

Baba yako ndiye aliyeanza, ameinamisha macho. Alikuwa amekopa kwa mtu, yule wa kukopesha walimu karibu na stendi, ambaye riba yake hata sitaitaja. Mimi nikasema nimechukua tena kwa chama, juu ya lile la kwanza. "Lipi la kwanza?" baba yako akauliza. Ikabidi niseme. Naye akasema la ushirika, na la yule aliyemdhamini. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja miaka yote ile, na mbele ya mama yake ndipo nilipojua mume wangu anadaiwa kiasi gani, naye akanijua mimi. Cucu hakutusaidia hata kidogo. Kila tulipodhani tumemaliza, anauliza, "Na lingine?" na kulikuwa na lingine.

Tulipomaliza kweli, alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku ile. Alisema, "Mimi nimepandisha mara moja tu, na mmekopa mkasahau kuambiana. Benki ingepandisha mara ngapi? Shida yenu sio nyumba. Mnaogopa deni, lakini mnaogopana zaidi." Kisha akaingia chumbani, akarudi na pesa zetu zote, za ile miezi miwili ya kwanza, akaziweka pamoja na zile za mezani. "Hizi sio zangu. Mwalimu, kesho umrudishie yule mtu wa stendi zake kabla hazijazaa. Halafu mama, zako zirudi kwa chama. Halafu duka. Mpaka kuishe. Hati sitawapa. Si leo, si mkimaliza."

Baba yako alilia njiani. Sijui kama aliwahi kukuambia. Alilia kwa hasira kwanza, halafu kwa aibu, na tulipofika Sagana akanishika mkono, akaniambia habari za mshahara wake kutoka juu hadi chini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ile nyumba ya Ruring'u ikachukuliwa na mwalimu mwenzake, kijana mzuri, mwenye watoto wawili, kwa mkopo ule ule wa kuanza chini. Nilimwonea wivu sana. Nilikuwa nikipita pale nayatazama mapazia yake. Sisi tulibaki Majengo tukilipa deni moja baada ya jingine, lile lenye riba kali mbele, na deni likiisha, pesa yake tunaisogeza kwenye lile linalofuata. Riba za benki zikaanza kupanda. Zilipanda, zikapanda tena. Siku moja nilipita Ruring'u nikaona mapazia hayapo, na mke wa yule mwalimu ameketi nje juu ya godoro lililofungwa kwa kamba, anamnyonyesha mtoto. Alinisalimia. Nilishindwa kuitikia, mwanangu. Niliharakisha kama mwizi, na bado naona aibu kwamba sikusimama.

Tuliponunua, tulinunua hii nyumba uliyokulia, ndogo kuliko ile, kwa akiba yetu wenyewe ya kuanzia na riba isiyobadilika. Na sitakudanganya: ilikuja miaka riba zikashuka, majirani wenye mikopo ya kupanda na kushuka wakawa wanalipa kidogo kuliko sisi, na baba yako akanung'unika kila mwisho wa mwezi mpaka deni likaisha. Pengine tulilipa zaidi. Lakini mapato yangu yalikuwa ya jua na mvua, na bonasi ni ya mawingu, na nyumba ambayo kila kitu ndani yake kinayumba inahitaji angalau jambo moja lililosimama. Tulinunua usingizi, na sijutii bei yake.

Sasa nakuja kwako. Wewe mshahara wako ni wa kila mwezi, lakini Kamau ni mtu wa kandarasi, mwezi huu amepata, ujao hajui. Kwa nyumba kama hiyo mimi ningesema mchukue riba isiyobadilika, hata ikianza juu. Lakini muulizeni karani imefungwa kwa miaka mingapi, na ikifunguka itakuwa ipi, maana siku hizi kuna ile inayosimama miaka michache tu kisha inaanza kutembea. Muulizeni pia mkipata pesa mkataka kulipa mapema kama mtatozwa. Na kama siku moja kipato chenu chote kitatulia na mna akiba ya kubeba mwezi mbaya, basi hiyo ya kupanda na kushuka si shetani. Ni ya mtu anayeweza kupandishiwa na bado akanywa chai yenye maziwa.

Lakini kabla ya hayo yote, kaeni mezani wewe na mume wako mseme madeni yote. Ushirika, chama, gari, na hiyo mikopo ya simu mnayochukua mkiwa mmelala, mnabonyeza na kubonyeza. Ulizaneni "na lingine?" mpaka kusiwe na lingine. Lipeni yale yenye riba kali kwanza. Anayemficha mwenzake deni asiombe benki iwafungie pingu moja.

Na kuhusu hati. Cucu aliniachia mimi, si baba yako, na sasa unajua kwa nini. Amelala pale kando ya guka wako, mstari wa kwanza wa chai, na baba yako karibu nao. Sitaitoa, Wangari. Si leo, si mkimaliza. Usiniombe tena, maana wewe ni mtoto wangu na ninaweza kulegea.

Ila kuna hili ninaloweza kuwapa. Mwisho wa mwezi huu, wewe na Kamau mje Nyeri na ile pesa mngeipelekea benki, yote. Mtaniwekea mezani. Mwezi ujao vile vile. Mimi nitawawekea, na zitakuwa akiba yenu. Na siku moja, sitasema lini, nitapandisha. Ukiuliza kwa nini, unajua nitakavyokujibu. Na siku hiyo nitakuwa nawatazama nyinyi wawili kuliko ninavyozitazama pesa.

Una jina lake, mwanangu, na uoga wake nimeutunza kwa ajili yako kama urithi mwingine wowote. Mungu akupe mume wa kuambizana naye ukweli. Awape paa lenu wenyewe, na sebule yenye mahali pa kuweka kabati. Na asubuhi mkiwa mnakunywa chai na watoto, mtu akibisha hodi mlangoni, uinuke umfungulie bila kumtazama mikononi.